Moshi wa Mtani Wangu

Watu wa huku kwetu tukimwona Mzaramo anashuka kwenye basi pale Nzega, hatumwulizi habari za safari. Tunamvua kofia. Akiwa mtu anayejua mambo, atakuambia kofia hiyo ilikuwa ya marehemu punda wake, ivae tu, itakukaa vizuri. Hapo mmeshajuana. Huo ndio utani, na sisi Wanyamwezi tuliuokota njiani zamani za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba pembe za tembo kwa miguu kutoka Unyanyembe hadi pwani. Walifika kule wamechoka, nyayo zimepasuka, wenyeji wakawacheka, nao wakawacheka wenyeji. Na mpagazi akifa huko ugenini, hao hao waliomcheka ndio walimwosha na kumzika. Kwa hiyo mtani si mtu wa mchezo tu. Ni mtu unayemwachia maiti yako.

Babu yangu mzaa baba nilimkuta, ameshakuwa mzee wa kuota jua. Begani alikuwa na nundu ngumu kama ya ng'ombe dume, mahali ambapo mzigo ulikuwa unakaa, na sisi wajukuu tulikuwa tunagombania kuigusa. Alikuwa akituhadithia safari ya Ugogoni, maji yalivyowaishia, na walipofika pwani, mwanamke mmoja wa huko aliyewapa maji kwanza ndipo akawatukana kwamba wanakunywa kama mifereji. Akifika kwa huyo mwanamke alikuwa anacheka mpaka anakohoa, na bibi yetu ananuna. Hadithi zake nikizianza hapa nitasahau nilichokaa kuandika.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Baba alinipeleka Usoke kwa mjomba kulima tumbaku, nikakulia huko kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, nikaoa huko huko, binti wa Kimoravian kama mimi. Mjomba alipofariki tukarudi kwetu upande wa Lusu, tukajenga nyumba na jiko la nje, tukalima mahindi, karanga na viazi vitamu vya kukausha michembe. Watoto wakakua, wakatawanyika, mmoja Tabora mjini, wengine mbali zaidi. Tukabaki wawili.

Sasa mke wangu nimweleze kidogo, maana bila yeye haya mengine hayana maana. Alikuwa msusi. Hakuwa na saluni, alikuwa na kigoda na kitana cha mti, basi. Wanawake walimfuata kutoka vijiji vya mbali. Mistari yake ya nywele ilikuwa imenyooka kama matuta ya mkulima mzuri, na alikuwa na mkono mwepesi hata watoto walisinzia wakisukwa. Harusi yoyote ya huku, bibi harusi alipita kwanza mikononi mwake. Alikuwa mpole. Katika ndoa yetu ndefu nilimsikia akipandisha sauti mara chache sana, na mara zote mbuzi alikuwa ameingia kwenye mahindi.

Mtani wangu alikuja dhahabu ilipoanza kuleta watu. Wanaapolo, wale wachimbaji wadogo, walitoka kila mahali, wakachimba mashimo yao wanayoyaita maduara, wakaleta makarasha ya kusagia mawe, kijiji kikawa na kelele mchana kutwa. Yeye alikuwa hachimbi. Alikuwa ananunua udongo uliosagwa na kuuchenjua, na dhahabu ya wengine pia alikuwa ananunua. Mtu mnene, msafi, viatu vimepigwa rangi hata kwenye vumbi lile. Siku ya kwanza alikuta nimekaa nje ya nyumba napukuchua mahindi, akasimama akanitazama sana, akasema, "Mpagazi, mzigo wangu uko wapi? Babu yangu alimpa babu yako pembe mbili, ikafika moja."

Nikamwambia hiyo ya pili babu aliiuza akanunua Uzaramo yote, lakini akakuta haina kitu ila minazi na watu waliolala, akairudisha.

Alicheka akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ile. Tangu hapo akawa mtu wa nyumbani. Mke wangu alimwita mke wake, kama watani wanavyofanya. Aliingia jikoni akafunua sufuria bila kubisha hodi, akachukua nyama akala, akalalamika chumvi. Mtoto wetu wa Tabora alipokuja likizo hakupenda, akasema baba, huyu mtu amezidi. Nikamwambia hujui mila. Mtani huwezi kumkatalia kitu. Ukimkatalia umemtukana, na ukimkasirikia umejiaibisha mwenyewe mbele za watu. Akichukua kuku wako unacheka, halafu siku nyingine unakwenda kuchukua koti lake.

Basi ikawa siku moja akaja na kitu kimefungwa kwenye kitambaa, akaenda moja kwa moja jikoni. Kilikuwa kidonge cha kijivu, kizito, kama risasi. Wanachukua ule udongo wenye dhahabu, wanauchanganya kwenye karai na zebaki, ile dawa ya maji maji inayong'aa na kukimbia kimbia ukiimwaga. Zebaki inaikamata dhahabu. Halafu wanaikamua kwenye kitambaa, linabaki hilo donge. Donge likiwekwa kwenye kifuniko cha bati juu ya mkaa, zebaki inapaa, dhahabu inabaki ya njano, imetoboka toboka kama mkate. Nilikuwa naona ni ajabu. Mpaka leo ningekuwa mtoto ningekaa kutazama.

Alisema kwake hawezi kuchoma kwa sababu wezi wanajua yeye ni mnunuzi, lakini jiko la mpagazi mzee nani atalifikiria. Na akasema hivi, nakumbuka maneno: "Nikiwa kwa mtani wangu niko kwa mama yangu."

Nilifurahi. Kwa nini nisifurahi? Mtu ana mali mkononi na ameichagua nyumba yangu.

Akawa anakuja mara kwa mara, siku za kuosha udongo wa dhahabu, na siku za kuosha zilikuwa nyingi. Mke wangu ndiye alikuwa anampulizia moto, kwa sababu alikuwa jikoni hata hivyo, ugali uko kwenye jiko moja na donge liko kwenye jingine. Jiko letu lilikuwa la udongo, limeezekwa nyasi, dirisha dogo la kupitisha mkono. Mtani alikuwa akishaweka donge lake anatoka nje, anakaa nami upande unaotoka upepo, anajipepea na kofia. Anasema joto la jikoni linamsumbua. Nikamcheka sana: mtu wa pwani, amezaliwa kwenye jasho, anakimbia joto la Lusu. Akasema ndiyo maana babu yake alimtafuta Mnyamwezi wa kumbebea. Wakati mwingine alipaza sauti kuelekea mlangoni, "Mke wangu, imeshakuwa njano?" Naye anajibu kutoka kwenye moshi kwamba bado kidogo.

Alikuwa anatuletea sukari, na kanga, na siku moja redio. Siwezi kusema alikuwa bahili.

Mikono ya mke wangu ilianza polepole. Kwanza alilalamika kwamba kitana kinamtoroka. Baadaye nikaona anapomimina maji ya kunawa, birika linapiga bakuli, ka ka ka, kama meno ya mtu mwenye homa. Tukasema ni uzee. Kisha mistari ya nywele ikaanza kupinda. Wanawake wa kwetu wana adabu, hakuna aliyesema. Walikuja, wakasukwa vibaya, wakashukuru, wakaenda kufumuliwa na mtu mwingine. Halafu wakawa hawaji. Kigoda kikakaa ukutani kuku wakakilalia.

Ila hilo la mikono si ndilo lililoniumiza zaidi. Alibadilika moyo. Akawa hapati usingizi, anakaa kitandani ananung'unika. Akawa mkali. Alinifokea kwa ajili ya kijiko. Jirani mmoja alikuja kuomba moto akamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, halafu akaanza kulia, akasema hajui yametoka wapi. Kwenye kwaya ya kina mama alikuwa anasahau maneno ya nyimbo alizoimba tangu msichana. Ufizi ulimuuma, mdomoni akasema anasikia ladha ya senti, kama mtoto aliyenyonya sarafu.

Tulikwenda zahanati, wakapima malaria, wakapima presha, wakatupa vidonge. Ndugu zake wa Usoke wakasema kuna mkono wa mtu, wakamtaja mganga. Mzee wa kanisa akaja kuomba. Kila mtu alikuja na la kwake. Na mtani wangu alikuja pia, alikaa karibu na kitanda, akamshika mkono ule unaotetemeka. Akasema, "Mke wangu, huyu mpagazi amekuchosha. Pumzika. Uzee umekuja, hata pwani tunatetemeka." Akatucheka kidogo, nasi tukacheka. Kisha akaenda jikoni na donge lake, na kwa kuwa mke wangu yuko kitandani, akaniomba mimi nipulize.

Nikapuliza.

Baada ya mavuno walikuja watu wa kupima afya. Walitoka chuoni, na kiongozi wao alikuwa daktari binti, mdogo kuliko mtoto wangu wa mwisho. Mkutano ukafanyika kwenye ghala la zamani la chama cha ushirika. Alitusalimu shikamooni wazee vizuri, akasema wanataka kujua kama zebaki inayotumika kwenye dhahabu imeingia kwenye miili ya watu. Wanataka damu kidogo na mkojo wa asubuhi. Ghala likaanza kunong'ona. Damu watu wameshazoea, lakini mkojo wako kumpa mgeni aondoke nao kwenye gari, hapana, huku kwetu watu wanajua mkojo unaweza kufanyiwa nini. Mama mmoja akasimama akauliza, kama ni lazima, anaweza kuleta wa mume wake, maana yeye bado anahitajiwa na watoto. Watu walicheka sana, na yule daktari akacheka, na baada ya hapo mambo yakawa rahisi.

Kesho yake barabara ya zahanati ilikuwa na watu wazima wameficha vichupa kwenye kanga na ndani ya makoti, wanasalimiana huku wanatazama pembeni. Mtani wangu alikuwepo na mke wake na watoto wake. Aliniona akauliza kama changu nimekibeba begani kama babu. Nikamwambia chake kinanuka nazi.

Miezi ikapita. Mke wangu akawa hawezi kufunga kanga yake mwenyewe.

Majibu yalipokuja tuliitwa nyumba kwa nyumba kwenye chumba cha zahanati, mlango umefungwa. Daktari yule yule. Alimwamkia mke wangu, "Shikamoo bibi," akamshika mikono yote miwili akaiacha itetemeke ndani ya mikono yake. Ndipo akatueleza. Nitaandika nilivyoelewa mimi, wasomi wanisamehe.

Alisema zebaki ikipashwa moto inakuwa moshi ambao hauna harufu na hauwashi macho, kwa hiyo mtu haukimbii. Inaingia kwa pumzi, inapita kwenye damu, inakwenda mpaka ubongoni na kwenye figo. Ndani ya mwili, alisema, kuna vitu vidogo mno, vidogo hata vumbi la unga ni jiwe mbele yake, na hivyo ndivyo vinavyofanya kazi zote kama mafundi. Zebaki inakwenda kuwafunga mafundi hao mikono. Figo inatakiwa izuie protini isitoke na mkojo, lakini ikishaguswa inaanza kuvuja, kama gunia lililotobolewa na panya. Kwenye damu pia zinatokea alama kwamba mwili unapigana. Mtu bado anatembea, anakula, anaimba kanisani, na alama zimeshatoka zamani. Ndizo wanazopima. Za mke wangu, alisema, ziko juu, kati ya watu wote waliowapima yeye yuko na wale wanaoshinda kwenye moshi kazini. Zangu ziko juu pia, siyo kama zake.

Halafu akauliza, "Babu, nyumbani mnachoma dhahabu?"

Nikasema hapana, sisi ni wakulima.

Mke wangu akanitazama. Akasema, "Anachomea kwetu mtani wake. Jikoni kwangu."

Daktari akaweka kalamu chini. Aliuliza ni tangu lini, tukamwambia. Aliuliza jiko lina madirisha mangapi. Akasema jiko lile lisipikiwe tena hata chai, nyasi na udongo wa juu vitolewe na kufukiwa mbali na kisima, kwa sababu zebaki imelala humo na kila moto ukiwashwa inaamka. Nikamwuliza, je, mikono itarudi? Akasema mwili unaitoa zebaki taratibu, kwa mkojo, ukiacha kuongezewa. Mengine yatapungua. Mengine hawezi kuniahidi.

Hapo nataka niseme jambo. Siku ile sikumkasirikia mtani. Tulirudi tunatembea polepole na mke wangu, na mimi nilikuwa namhurumia na yeye pia. Nilifikiri, maskini, naye hajui, ana watoto wadogo, lazima nimwambie leo hii. Nilipita hata kwake, hakuwepo, alikuwa amekwenda Nzega. Nikamwachia mke wake salamu kwamba asichome tena dhahabu mahali popote mpaka nimwone.

Mke wake alikuja kwetu kesho yake kumpa pole mgonjwa. Mama mzuri, mcheshi, amembeba mtoto mgongoni. Alileta mihogo. Alikuta nimeanza kuvua nyasi za jiko, akauliza kwa nini tunabomoa, mke wangu akamweleza majibu ya daktari. Yule mama akashika mdomo. Akasema pole sana dada yangu. Kisha akasema, na alisema kwa kutufariji tu, hakuwa na ubaya wowote:

"Sisi kwetu wametuambia tuko safi, mimi na watoto. Mume wangu hata hataki kuiona hiyo kitu nyumbani. Huko alikoanzia kazi waliwekewa semina, wakaonyeshwa watu walioharibika nayo. Tangu hapo akaapa. Nguo za kazini anavulia kwenye kibanda cha nje na kufua anafua mwenyewe, mimi hanigusishi."

Nilikuwa juu ya paa la jiko nimeshika fungu la nyasi. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka, hakuinua uso.

Yule mama akaendelea kumbembeleza mtoto mgongoni, halafu naona na yeye wazo likamfikia. Akalitazama jiko. Akanitazama mimi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani huwa anachomea wapi?"

Nikalitupa fungu la nyasi chini. Yule mama akaiacha mihogo, akaondoka bila kuaga, na mimi simlaumu hata leo.

Nilimaliza kuvua nyasi zile. Sijui nilifanyaje. Jiko lile nililijenga kwa mikono yangu, watoto wetu wote waliogea maji ya moto yaliyotoka humo. Nilikuwa nang'oa na kila fungu linakuja na kitu. Joto la jikoni linamsumbua. Upande unaotoka upepo. Mke wangu, imeshakuwa njano? Uzee umekuja, hata pwani tunatetemeka. Mtu huyu alimshika mke wangu mkono, akijua. Alijua alipokuwa anaushika.

Nilimfuata mwaloni kwake, kule wanakooshea udongo. Watu walikuwa wengi. Vijana wanamwaga maji, karasha linaunguruma. Aliponiona akapaza sauti kwamba jamani pisheni, msafara umefika, mpagazi amekuja kuchukua mshahara wa babu yake. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikamwuliza mbele yao kama alikuwa anajua moshi ule ni sumu.

Alinitazama, nikaona macho yake yamekimbia kidogo, yakarudi. Akasema dunia nzima ni sumu, hata pombe. Nikamwuliza tena. Nikamwuliza kwa nini watoto wake ni wazima.

Hapo ndipo aliposema. Alisema akicheka, kwa sauti ya utani ile ile tuliyoitumia miaka yote, na mkono ameuweka begani kwangu. "Sasa unakasirika nini? Toka zamani mizigo yetu si mmebeba ninyi?"

Wale vijana walipiga makofi. Ilikuwa jibu zuri, kama ingekuwa siku nyingine na mimi ningepiga. Na mimi nilisimama pale sina mahali pa kushika. Nikimtukana, atasema asante mtani. Nikimpiga, wataniona mzee aliyeshindwa mchezo. Aliyenifanyia vile angekuwa jirani wa kawaida ningempeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Mtani nitampeleka wapi? Ule mlango ambao mila ilimfungulia nyumbani kwangu, ndio huo huo aliotokea. Nimefikiri sana juu ya hilo. Babu zetu walipoweka utani waliweka ili mtu akiwa ugenini awe na mtu. Hawakufikiri kwamba kuna mtu atakaa ndani yake kama mwizi anavyokaa ndani ya kanisa.

Niliondoa mkono wake begani kwangu nikaenda zangu. Nyuma nikasikia mtu anasema mzee leo ameamkia upande mbaya.

Mwenyekiti nilimwambia hata hivyo. Akasema ni jambo gumu, hakuna aliyelazimishwa. Mzee wa kanisa akasema nisamehe. Mtoto wetu wa Tabora akaja juu, akataka polisi, akakaa siku chache akarudi kazini. Mtani aliendelea na shughuli zake. Nasikia alipata jiko jingine, kwa mjane mmoja upande wa pili wa mwalo. Nikaenda kumwambia yule mjane. Alinisikiliza vizuri, akasema mimi nina wivu wa redio. Nikaenda tena na mke wangu. Mke wangu aliomba maji ya kunywa, akapewa kikombe, akanywa mbele yake jinsi anavyokunywa sasa. Yule mjane akamfukuza mtani siku ile ile.

Hiyo ndiyo iliyomleta. Alikuja asubuhi, jua limeshapanda, ameshika jogoo mwekundu miguu imefungwa. Huku kwetu utani ukivuka mpaka kuna njia ya kuumaliza: mtu analeta kitu kidogo, mnakula, maneno yanakwisha, na aliyekataa ndiye mbaya. Alijua mila kuliko sisi. Hakupaza sauti tangu njiani safari hii. Alikaa kwenye kiti nilichomwonyesha, akamlaza jogoo chini, akasema mpagazi, tumalize. Akasema mke wake hasemi naye vizuri. Akasema hakudhani moshi kidogo vile ungemdhuru mtu. Sikujua kama nimwamini hata kwa hilo.

Ndipo mke wangu alipotoka ndani. Alikuwa amechemsha chai kwenye jiko letu jipya, la mabati, wazi pande zote. Mgeni kwetu anapewa chai, awe nani. Kikombe kimejaa, kwenye kisahani, mikononi mwake. Niliinuka nimpokee, akanikataza kwa macho.

Kutoka mlangoni mpaka kwenye kile kiti si mbali. Alitembea. Kikombe kilikuwa kinalia kwenye kisahani na chai inaruka, inamwagika kwenye vidole, kwenye kanga, kwenye udongo. Lazima ilimuunguza. Hakuharakisha. Mtani alianza kuinuka amsaidie, halafu akakaa. Mdomo wake ulifunguka kama mtu anayetaka kusema neno la kuchekesha, na nilimngoja, kweli nilimngoja alitoe. Halikuja.

Mke wangu alifika akamnyooshea. Kilichobaki kikombeni kilikuwa kama nusu.

"Karibu chai, baba," alisema.

Katika miaka yote ile hakuwahi kumwita hivyo. Alikuwa anamwita mwizi, mwivi wa nyama, mume wa bure, majina yote ya utani. Baba ni neno la kumwita mtu uliyekutana naye stendi.

Alikipokea. Hakuwa na pa kukiweka, akakinywa, mke wangu amesimama mbele yake mikono imening'inia inatetemeka, anamngoja amalize ili aondoe chombo. Alipomaliza alirudisha kikombe, akasema asante mama. Akainuka akamwacha jogoo pale chini, mimi nikamwokota, nikamfuata mtani naye mpaka njiani, nikamrudishia mkononi. Hakubishana. Aliondoka na jogoo wake kwapani.

Niliporudi nilimkuta mke wangu amekaa ameloweka vidole kwenye bakuli la maji baridi. Nikakaa naye. Tulisikia jogoo akiwika huko njiani, mbali, kisha karasha likawashwa na hatukumsikia tena.